Unyayo wa Korongo Katika Banda la Mabati

Weka nukta moja kwenye karatasi. Kutoka kwenye nukta hiyo vuta mistari mitatu mifupi kwenda chini: mmoja wima, mmoja ukielekea kushoto, wa tatu ukielekea kulia. Alama hiyo ndiyo waliyoitumia makarani wa Uingereza wa zama za kati walipotaka kuonyesha kwamba watu hawa watatu wametokana na mtu yule mmoja. Aliyewahi kutembea kando ya dimbwi, akiitazama alama hiyo, atautambua mara moja wayo wa ndege mkubwa aliyepita kwenye tope. Ndege huyo ni korongo. Kidole chake cha nyuma kimepanda juu mguuni, kwa hiyo akikanyaga, kinachobaki chini ni chapa ya vidole vitatu vya mbele. Kwa Kifaransa kilichosemwa wakati huo na watawala wa Uingereza, mguu wa korongo uliitwa pé de grue. Waingereza wakalichukua jina hilo, wakalizungusha vinywani mwao kizazi baada ya kizazi, likawa pedigree, neno ambalo leo hulitumia kwa nasaba ya mtu, ya mbwa na ya farasi.

Maelezo hayo husomwa kwa dakika moja. Mimi nataka kukaa na watu waliowezesha yaandikwe kwa uhakika, kwa sababu asili ya neno haiokotwi njiani. Hufukuliwa kwa mikono, kwa karatasi, wino na uzi wa kufungia, na kwa miaka mingi ya kuinamia meza.

Lakini kwanza karani mwenyewe, maana naye alikuwa fundi. Mbele yake pana ngozi ya kondoo au ya ndama. Imelowekwa kwenye chokaa hadi manyoya yakalegea, ikawambwa kwenye fremu ya mbao, ikaparuzwa kwa kisu chenye makali ya mviringo mpaka ikawa nyembamba na laini pande zote. Kipande kimoja hakiutoshi ukoo wa wafalme, kwa hiyo vipande viliungwa ncha kwa ncha vikawa msokoto mmoja mrefu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 misokoto ya namna hiyo ilitengenezwa Uingereza kuonyesha nasaba ya wafalme: jina ndani ya duara, duara chini ya duara, na mistari ya kuyaunganisha. Kalamu ilikuwa ya unyoya wa bata bukini. Wino ulipikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, na ukishaingia kwenye ngozi hautoki ila kwa kukwaruza. Kwa hiyo karani alipaswa kujua idadi ya watoto kabla hajamchora baba, la sivyo mtoto wa nne angekosa pa kukaa. Mistari ile mitatu inayoonekana kuvutwa kwa haraka ilitanguliwa na hesabu.

Karne nyingi baadaye, mwezi Novemba 1857, Richard Chenevix Trench, kiongozi wa Kanisa la Anglikana, alisimama mbele ya Chama cha Filolojia mjini London akaeleza upungufu wa kamusi za Kiingereza zilizokuwapo. Alishikilia kwamba mtunga kamusi ni mwandishi wa historia. Kazi yake ni kulifuata kila neno tangu linapoonekana mara ya kwanza katika maandishi, kulishuhudia likibadilika umbo na maana, na kuweka mbele ya msomaji ushahidi wa kila hatua pamoja na mwaka wake. Trench alijua pia kwamba mtu mmoja hawezi kuzisoma fasihi zote za taifa, ndiyo maana alitaka watu wengi washiriki.

Kutokana na mwito huo ikaanza kazi ya kutunga kamusi mpya ya Kiingereza. Mhariri wake wa kwanza, Herbert Coleridge, alitengeneza kabati lenye vishubaka 54 vya kuwekea karatasi. Alifariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30. Baada yake Frederick Furnivall aliisimamia kazi kwa moyo mkunjufu na utaratibu uliolegea, na karatasi zikaenea katika nyumba za watu wa kila pembe. Mwaka 1879 kazi ikakabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule aliyezaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm huko Uskoti. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 14, na lugha nyingi alizozijua alijifundisha mwenyewe. Mkataba aliotia saini na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikadiria miaka 10. Alifanya kazi hiyo miaka 36, mpaka alipofariki, na hakuuona mwisho wake.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati. La kwanza alilijenga kwenye uwanja wa shule huko Mill Hill, na alipohamia Oxford mwaka 1885 alijenga jingine katika bustani ya nyumba yake, barabara ya Banbury. Jirani hakutaka banda hilo limharibie mandhari, kwa hiyo sakafu ikachimbiwa chini ya usawa wa ardhi. Matokeo yake yalikuwa unyevu na baridi, na wafanyakazi walipata taabu kubwa nyakati za kipupwe. Murray aliliita Scriptorium, jina ambalo watawa wa kale walilitumia kwa chumba chao cha kunakilia vitabu. Kutani aliweka vishubaka 1,029. Linganisha na vile 54 vya Coleridge, uone jinsi alivyoielewa mapema ukubwa wa kazi aliyoshika.

Malighafi ya ufundi huu ni kikaratasi kimoja, kidogo kiasi cha kutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Msomaji wa kujitolea alichukua kitabu, akakisoma kalamu mkononi. Akikutana na neno lililomgusa, alichukua kikaratasi akaliandika neno hilo peke yake juu, kwenye kona ya kushoto. Chini yake aliweka mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu na ukurasa. Kisha akanakili sentensi nzima kama ilivyo, bila kusahihisha tahajia, kwa sababu tahajia mbovu ya karne ya 15 ina thamani kuliko tahajia nzuri ya karne ya 19. Kikaratasi kimoja kilibeba neno moja na mfano mmoja. Kanuni hiyo ya umoja ndiyo siri ya kazi yote. Karatasi yenye mambo mawili haiwezi kukaa katika vishubaka viwili. Yenye jambo moja unaweza kuihamisha mara mia na kila mara ikakaa mahali pake.

Mwaka 1879 Murray alitoa mwito kwa wote wanaosema na kusoma Kiingereza, nao ukaitikiwa Uingereza, Marekani na kwingineko. Vifurushi vilifika kwa mamia. Posta iliweka sanduku la barua nje ya nyumba yake, na ilitosha mtu kuandika jina la Murray na neno Oxford, mzigo ukafika. Hata hivyo wasomaji walikuwa na udhaifu ambao mhariri alilazimika kuufidia kwa jasho lake. Waliona maneno ya ajabu wakayapita yale ya kila siku. Kwa neno adimu abusion walikuwa wameleta mifano kama 50. Kwa neno la kawaida abuse hata 5 haikutimia. Murray na wasaidizi wake wakarudi vitabuni kutafuta kile ambacho kila mtu alikiona na hakuna aliyekiandika.

Katika wasomaji hao alikuwamo William Chester Minor, daktari mpasuaji aliyewahi kulitumikia jeshi la Marekani, ambaye wakati huo alikuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kuua mtu katika hali ya kuchanganyikiwa. Namheshimu kwa njia yake ya kufanya kazi. Wengine walituma walichokipata kwa mpangilio waliokipata. Minor alikaa na vitabu vyake vya zamani akitengeneza faharasa ya kila kimoja kwa maandishi madogo: neno, na kurasa linakoonekana. Halafu alisubiri. Aliwauliza wahariri wako kwenye neno gani wiki hii, akafungua faharasa zake, akanakili mifano ya neno hilo na kuituma wakati mhariri anaihitaji mezani. Alifanya hivyo kwa miaka mingi ndani ya chumba alichofungiwa.

Si kila kitu kilihifadhika. Murray alipopokea urithi wa Furnivall, kama tani 2 za karatasi, alikuta magunia yaliyokaa kwenye unyevu, na katika gunia moja panya alikuwa amezalia. Herufi nzima nzima hazikujulikana ziliko. Vikaratasi vya maneno yanayoanza na Pa vilifuatiliwa hadi wilaya ya Cavan huko Ayalandi. Vilikutwa kwenye zizi la farasi, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutumiwa kuwashia moto. Fikiria jinsi herufi zinavyofuatana, Pa kisha Pe, uone ni kwa umbali mdogo kiasi gani neno letu la unyayo wa korongo liliponea.

Sasa tufuate mzigo ukiingia bandani. Kamba inakatwa, karatasi zinanyooshwa, kisha upangaji wa kwanza: herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu na watoto wa Murray mwenyewe, aliyekuwa nao 11, wakilipwa senti chache kwa saa. Baadhi yao walikuwa wadogo kiasi cha kujifunza alfabeti kwa kuzipanga karatasi hizo. Baada ya hapo kila neno linapata fungu lake. Fungu linapitiwa tena, nomino upande huu, kitenzi upande ule. Ndani ya kila upande karatasi zinapangwa kwa mwaka, ya zamani kabisa juu. Kisha anakuja mhariri msaidizi, mara nyingi mtu wa kujitolea anayeishi mbali na kupelekewa fungu kwa posta. Yeye huzisoma zote na kuanza kutenganisha maana. Hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana. Karatasi 20 zinaonekana kusema jambo moja, lakini mwenye subira huzirusha taratibu kama mama anayepepeta mchele kwenye ungo, mpaka chembe mbili zenye rangi tofauti zijitenge zenyewe. Fungu lililokwisha kutenganishwa hufungwa kwa uzi, juu yake huwekwa karatasi yenye jaribio la maelezo, nalo linarudi Oxford.

Murray alisimama mbele ya meza yake na fungu likafunguliwa upya. Hakuridhika na mpangilio wa mwingine kabla hajauona kwa macho yake. Alizitandaza karatasi, akazisogeza, akarudisha moja, akaacha nafasi palipoonekana kukosekana kiungo. Palipokuwa na pengo la miaka mingi aliandika barua kuomba mifano ya kipindi hicho. Herufi P alianza kuitoa mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kufanya hivyo hivyo kwa herufi nyingine.

Tazama karatasi za pedigree zikiwa zimetandazwa kwa miaka. Za zamani kabisa ni za mwanzo wa karne ya 15. Katika kamusi ya Kiingereza na Kilatini iliyotungwa mnamo mwaka 1440 katika jimbo la Norfolk, iitwayo Promptorium Parvulorum, neno limeandikwa pedegru, na pembeni yake petygru. Kadiri karatasi zinavyosogea mbele tunakutana na petigrew, petegree, na hatimaye pedigree. Mtu asiye na mazoezi ataziona kuwa ni vurugu za watu wasiojua kuandika. Fundi huona mwendo. Silabi ya mwisho ndiyo inayobadilika, na inabadilika kwa kuelekea upande mmoja tu: mwanzoni ni gru na grew, mwishoni ni gree. Aina za kale zina sauti ya u ndani yake. Asili yoyote itakayopendekezwa lazima ieleze sauti hiyo ilitoka wapi.

Kwa kipimo hicho, dhana za zamani zinaanguka moja moja. Katika karne ya 17 Stephen Skinner aliona kwamba neno limetokana na maneno mawili ya Kifaransa, père yaani baba, na degré yaani daraja: madaraja ya akina baba. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, aliichukua dhana hiyo ya Skinner. Ni dhana inayovutia. Maana inakaa sawa, umbo la siku hizi linafanana, na aliyeitoa alikuwa msomi. Kasoro yake ni kwamba imejengwa juu ya umbo la mwisho la neno, wakati asili hutafutwa kwenye umbo la kwanza. Neno degré halina u. Mbele ya pedegru ya mwaka 1440 dhana hiyo haina jibu. Simlaumu Johnson hata kidogo. Alifanya kazi na waandishi wachache tu wa kumsaidia, bila vishubaka, bila maelfu ya wasomaji wa kumletea karatasi.

Ukiuweka mguu wa korongo mahali pale, kila kitu kinakaa. Kifaransa grue, korongo, kina ile u ambayo Mfaransa huitamka midomo ikiwa imebanwa. Mwingereza hakuwa na sauti hiyo, akaisogeza kwenye iliyo karibu na kuiandika ew, na ndiyo maana tunapata grew. Mwanzo wa neno nao una ushahidi wake. Kwa Kifaransa cha Paris mguu ni pied, na kama neno lingetoka huko tungetegemea kuona alama ya i na e kwa pamoja. Lakini Kifaransa kilichokua Uingereza baada ya Wanormandi kuitwaa nchi mwaka 1066 kilikuwa na tabia yake: ie ya Paris huko iligeuka e tupu. Mguu ukawa pé. Kwa hiyo zile herufi mbili za mwanzo, p na e, zinatuonyesha mpaka mahali neno lilipochukuliwa. Lilitoka katika Kifaransa cha mahakama, ofisi na makarani wa Uingereza yenyewe. Naona hiyo ni kazi safi kabisa. Herufi mbili zimepimwa mpaka zimetoa anwani.

Basi degree imeingiaje? Imeingia baadaye, kama mvutano. Kiingereza kilikuwa tayari na neno degree, lililotumika pia kwa madaraja ya ukaribu wa damu. Waliosema petigrew bila kumjua korongo wala Kifaransa walisikia neno la ukoo lenye mwisho usioeleweka, na karibu yake lipo neno jingine la ukoo wanalolielewa. Ulimi ukavutwa. Skinner alikuwa ameiona athari hiyo akaidhani kuwa ndiyo chanzo. Mtunga kamusi mzuri hutenganisha viwili hivyo, na kuvitaja vyote.

Wazo la unyayo wa korongo lilikuwa limekwisha kujadiliwa na wasomi kabla Murray hajafika kwenye P. Jukumu lake lilikuwa kulipima kwa karatasi zake na kulikubali au kulikataa. Kwa mambo ya namna hii hakutegemea kichwa chake peke yake. Alikuwa na Littré na Godefroy, kamusi kubwa za Kifaransa cha sasa na cha kale. Alikuwa na Walter Skeat wa Cambridge, bingwa wa asili za maneno ya Kiingereza na rafiki yake, na Paul Meyer huko Paris kwa maswali ya Kifaransa cha kale. Kila swali lilikuwa barua, na Murray aliandika barua nyingi mno kwa mkono wake mwenyewe, kwa wasomi, kwa mabaharia, kwa mafundi wa kila aina, akiuliza kitu hiki mnakiitaje na tangu lini. Jibu lilipokuja la kutia shaka, aliacha shaka hiyo ionekane katika kamusi. Kwa maneno mengi aliandika kwamba asili haijulikani. Kuandika hivyo baada ya siku nyingi za kutafuta kunahitaji ushupavu.

Ikabaki maana. Mifano ya kwanza inahusu kitu cha kushikika, yaani mchoro wa ukoo kwenye ngozi. Baadaye neno linahama kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye kinachochorwa: mtu anasemwa kuwa na pedigree hata kama hana karatasi yoyote nyumbani. Mnamo mwaka 1600 linaanza kutumika kwa wanyama. Huko lilipata makao ya kudumu, hasa baada ya James Weatherby kutoa mwaka 1791 daftari la nasaba za farasi wa mashindano, ambao ukoo wao wa kiume hurudi nyuma hadi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Tangu hapo farasi asiye na mistari yake kwenye daftari hakuhesabiwa. Wasomaji wa pwani wataona jambo wanalolijua katika habari hii, maana nasaba na shajara zimehifadhiwa kwa uangalifu huo huo katika nyumba za Lamu na Zanzibar.

Baada ya yote hayo kuamuliwa ndipo mhariri huandika. Fungu la karatasi linakuwa mistari michache ya herufi ndogo. Kidahizo kwa wino mzito, matamshi, orodha ya tahajia zote na karne zilimotumika, asili ndani ya mabano, maana ya kwanza, mifano yake kwa miaka, maana ya pili, mifano yake. Karatasi nyingi hazikuingia kabisa. Zilikwisha kufanya kazi yao kwa kuthibitisha kwamba mfano uliochaguliwa hauko peke yake. Fungu likapelekwa kiwandani, ambako wapanga chapa walichomoa herufi za risasi moja moja, wakibadilisha kati ya ukubwa na maumbo mengi ya herufi ndani ya mstari mmoja, maandishi ya Kiyunani hapa, alama za matamshi pale. Nakala za kusahihishia zilirudi bandani, zikajaa wino pembeni, zikaenda tena. Wapanga chapa hao hatuwakumbuki kama tunavyowakumbuka wahariri, na ni haki tuwakumbuke. Kila mwaka wa kila mfano ulipita katika vidole vyao.

Sehemu ya kwanza kabisa, kutoka A hadi Ant, ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki Julai 1915 akiwa na herufi T mkononi. Henry Bradley, William Craigie na Charles Onions waliendeleza. Mnamo mwaka 1919 na 1920 kijana mmoja aliyetoka vitani, J. R. R. Tolkien, alikaa nao akishughulikia maneno ya mwanzo wa W. Mwaka 1928 kamusi ilikamilika, ikiwa na maneno 414,825 na mifano 1,827,306 iliyochapwa, miaka 71 baada ya hotuba ya Trench. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989 katika mabuku 20. Tangu mwaka 2000 linaandikwa toleo la tatu kwenye intaneti, na walio kazini humo wanarudia jambo lile lile: kupekua maandishi ya zamani kutafuta mfano ulio na mwaka wa mapema kuliko ule uliopo. Wakiupata, historia ya neno inasogea nyuma.

Kiswahili kina mafundi wake wa kazi hii. Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alitoa Paris mwaka 1939 kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambayo inaonyesha maneno mengi ni ya lahaja ipi, Kiamu, Kimvita au Kiunguja. Mpaka leo ni hazina. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, inatupa maana na mara nyingi lugha neno lilikotoka. Haitupi mwaka, wala mfano wa kwanza, wala tahajia za zamani zilizopangwa kwa karne. Malighafi ya kufanya hivyo ipo. Zipo barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa mwaka 1711 na kuhifadhiwa Goa nchini India. Upo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Zipo pia karatasi zisizojulikana na mtu, zimekunjwa ndani ya makasha ya watu.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna barua ya babu, hati ya shamba, daftari la mahari au la dukani lililoandikwa kwa Kiswahili zamani, kwa hati za Kiarabu au za Kirumi, usiitupe na usiitie moto hata kama hakuna nyumbani anayeweza kuisoma. Iandikie pembeni, kwenye karatasi nyingine, ilikotoka, ilikuwa ya nani, na mwaka kama unajulikana. Kisha ipeleke ikapigwe picha kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tayari inahifadhi miswada mingi ya Kiswahili, nawe urudi nayo nyumbani.